Mikahawa ya Kuku na Baga Mombasa Iuze Kunde na Mbaazi

Ingia mkahawa wowote wa vyakula vya haraka, kuanzia Nyali hadi katikati ya kisiwa, mmoja wa ile yenye jina kubwa na picha za kuku juu ya kaunta, uulize kuna nini kisichokuwa na nyama. Mara nyingi utaonyeshwa chipsi. Ukisisitiza, utatajiwa saladi ya kabeji iliyokorogwa na mayonezi, na penye pitsa utapata ile ya jibini na nyanya. Mtu asiyekula nyama, au ambaye leo tu hana hamu nayo, huondoka na viazi, chumvi na soda. Amelipa pesa nzuri kununua kile kinachobaki sinia likiondolewa kuku.

Jambo hili lingekuwa dogo katika mji usiojua kupika mimea. Lakini hapa ni Mombasa. Asubuhi mji huu hula mbaazi za nazi kwa mahamri, kuanzia Majengo hadi Likoni, na hakuna anayejiona amepunjwa. Alasiri hutoka viazi karai na ukwaju wake, bajia za dengu, bajia za kunde, kachri za muhogo zilizonyunyiziwa pilipili na ndimu. Ukipita Mama Ngina jioni utakuta watu wamekaa wanatazama meli zikielekea Kilindini huku wakila mihogo. Majumbani kuna pojo za nazi, maharagwe ya nazi, mchicha wa nazi. Ramadhani ikifika, sinia la kufuturu hujaa viazi vya nazi, ndizi, mihogo na kaimati kabla hata nyama haijatengwa. Vyote hivyo ni vyakula vya mimea, na hakuna mpishi anayejisumbua kuvibandika jina hilo. Huliwa kwa sababu ni vitamu.

Ninachodai ni kitu mahususi. Kila mkahawa mkubwa wa Mombasa uuze angalau mlo mmoja kamili wa mimea, wenye nafasi yake kwenye ubao wa menyu na bei inayoweza kushindana na ya kuku, na uzito wa mlo huo utokane na jamii ya kunde: mbaazi, kunde, dengu, pojo. Nasisitiza jamii ya kunde kwa sababu hapo ndipo mlo unapoachana na kitafunio. Kunde kavu zina takriban gramu 23 za protini katika kila gramu 100. Muhogo mbichi una gramu moja na ushei. Mkahawa ukiongeza mihogo kando ya chipsi na kutangaza kwamba umewajali wasiokula nyama, utakuwa umerundika wanga juu ya wanga.

Kampuni za ng'ambo zilishika njia nyingine, na inafaa kutazama ziliishia wapi. Burger King ilijaribu baga isiyo na nyama, ile ya Impossible, mjini St. Louis mwezi Aprili 2019, na kufikia Agosti mwaka huo ilikuwa ikiiuza Marekani nzima. Beyond Meat, kampuni ya nyama ya kuigiza, iliingia soko la hisa Mei 2019 kwa dola 25 kila hisa. Hata miezi mitatu haikutimia, hisa hiyo ikawa imepita dola 200. Wengi waliamini nyama ya kuigiza, ile inayotengenezwa kwa protini ya soya au ya njegere, ingeteka meza za dunia. Haikuwa hivyo. McDonald's iliijaribu McPlant, baga yake ya nyama ya kuigiza, katika mamia ya matawi yake ya Marekani mwaka 2022 na ikaishia kwenye majaribio, ingawa Uingereza baga hiyohiyo iliingia kwenye menyu ya nchi nzima Januari mwaka huo. Hisa za Beyond Meat baadaye ziliporomoka hadi chini ya dola 10.

Kuna aliyefanikiwa. Greggs, kampuni ya Uingereza ya mikate na vitafunio, ilitoa Januari 2019 mkate wa soseji usio na nyama, na miezi michache baadaye wenyewe walisema umesaidia kuinua mauzo yao. Lakini ule ulikuwa mkate wa soseji ambao Waingereza wameula tangu utotoni, kwa bei wanayoijua, dukani wanakopita kila asubuhi. Nyama ya kuigiza ikiletwa Mombasa itakuja imegandishwa, italipiwa meli, ushuru na umeme wa friji, kisha iuzwe kwa bei ya juu kuliko kuku kwa mtu ambaye jirani yake anapika mbaazi kila alfajiri. Sioni mantiki ya safari hiyo.

Mfano unaotufaa uko ng'ambo ya bahari hii hii yetu. McDonald's ilipofungua India mwaka 1996 iliacha kabisa nyama ya ng'ombe na ya nguruwe, ikabidi ifikiri upya baga ni nini. Ikatengeneza McAloo Tikki: viazi na njegere vilivyopondwa kwa viungo, vikakaangwa bapa, vikawekwa ndani ya mkate, na bei ikashushwa ili hata mwanafunzi amudu. Kitu hicho kikawa miongoni mwa vinavyouzwa zaidi nchini humo. Jikoni nazo zikagawanywa, upande wa mboga una vyombo na wafanyakazi wake, upande wa nyama vivyo hivyo. Nchini Misri mwaka 2001 kampuni hiyohiyo ikaleta McFalafel, iliyotokana na ile taamiya, bajia ya maharage, ambayo Wamisri hununua mtaani kila siku. Kampuni haikuwafundisha watu wa Cairo kula maharage. Iliwakuta wanakula, ikayaweka kwenye mkate wake.

McDonald's haina tawi Kenya, lakini waliopo hapa wanauza kwa mfumo uleule. Bajia ya kunde ya Mombasa ni ndugu wa damu wa taamiya. Kunde hulowekwa usiku, hutolewa maganda, husagwa mbichi pamoja na kitunguu, thomu, pilipili mbichi na dania. Mchanganyiko huo ukitandazwa bapa badala ya kufinyangwa vidonge, hukaa vizuri katikati ya mkate, na hauhitaji yai ili ushikane mradi maji hayakuzidi. Unaweza kuandaliwa katika jiko moja la kati, ukakatwa vipande vya uzito mmoja, ukagandishwa, ukapelekwa matawini na kutumbukizwa kwenye mafuta kwa dakika chache, sawasawa na wanavyofanya sasa kwa viazi. Kikaango kipo. Wafanyakazi wanajua kukitumia. Juu yake achari ya embe, kachumbari na ukwaju, na mteja hatauliza nyama iko wapi.

Mbaazi ni kazi zaidi, na wasimamizi wa jikoni wana haki ya kusitasita. Tui la nazi huchacha upesi katika joto letu, na likichemshwa ovyo hukatika likatoa mafuta. Mama anayeuza mbaazi analijua hilo kwa mkono wake: huzichemsha mbaazi mpaka ziive kabisa, hutia tui jepesi na chumvi na pilipili, kisha tui zito humalizia kwa moto mdogo huku akikoroga. Mkahawa wenye matawi hauwezi kutegemea mkono wa mtu mmoja. Lakini kazi hiyo inagawanyika. Mbaazi zichemshwe katika jiko la kati na kupelekwa zikiwa zimeiva, tui litiwe tawini kwa kiasi cha siku hiyo tu. Faida zake nazo si ndogo. Mbaazi kavu hukaa ghalani kwa miezi bila friji, jambo kubwa kwa mfanyabiashara anayelia na bili ya umeme. Zikiwa kwenye chombo cha moto huvumilia kuliko kuku wa kukaanga, ambaye akikawia ngozi yake hulegea na hana budi kutupwa. Na andazi la kuzisindikiza linajulikana: mahamri ni unga, hamira, sukari, iliki na tui, bila siagi wala maziwa.

Kuhusu mafuta ya kukaangia sitaki tuafikiane nusu nusu. Mombasa ina majirani ambao kwao jambo hili ni la dini. Wako Wahindu wasiogusa nyama, wako Wajaini ambao hata viazi, vitunguu na thomu hawali kwa kuwa ni vitu vinavyong'olewa ardhini, wako Waadventista na Marasta wengi walioacha nyama kwa imani. Chipsi zilizokaangwa katika mafuta yaliyokaangia kuku haziwafai, na mara nyingi hakuna anayewaambia. McDonald's iliwahi kulipia kosa la aina hii: mwaka 2001 ilishtakiwa Marekani kwa sababu chipsi zake zilikuwa na ladha iliyotokana na ng'ombe huku wateja wasiokula nyama wakidhani ni viazi na mafuta tu, na mwaka uliofuata ikakubali kutoa dola milioni 10 kwa mashirika yakiwemo ya Wahindu na ya wasiokula nyama. Baga ya Impossible nayo ilileta kesi nyingine mwaka 2019 kwa kuchomwa kwenye wavu mmoja na nyama. Hapa kwetu, ambako mkahawa wowote makini unajua kutundika cheti cha halali ukutani ili mteja Mwislamu atulie, kuelewa kwamba mwingine naye anahitaji uhakika kama huo si kazi ngumu. Kikaango kimoja kitengwe, kiandikwe, kisichanganywe. Na kwa Mjaini, mbaazi za nazi zisizo na kitunguu zitamfikia pale ambapo bajia haitamfikia.

Hoja ninayoisikia kila mara ni kwamba wateja hawataki. Aendaye kwa kuku amefuata kuku. Tena nyama ina heshima yake Pwani. Mgeni huchinjiwa, harusi ni biriani na pilau, na kumpa mtu mbaazi mchana kunaweza kusomwa kama ubahili. Heshima hiyo naikubali na siombi iondolewe. Ila mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Mkahawa unaoweka kipande cha mboga kilichokauka mwishoni mwa menyu, bila picha, kwa bei ya kuku wawili, kisha ukisema soko halipo, haujalipima soko. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walichapisha matokeo yao kutoka mabwalo ya chakula ya vyuo vitatu. Pale ambapo milo isiyo na nyama iliongezwa kutoka mmoja kati ya minne hadi miwili kati ya minne, mauzo yake yalipanda kwa asilimia 41 hadi 79. Hawakuhubiri, hawakubandika mabango. Wanafunzi wa Cambridge si vijana wa Bamburi, hilo wazi, lakini tabia ya mtu mwenye njaa mbele ya ubao wa menyu haitofautiani sana: huchagua katika vile anavyoviona. Na kijana wa Bamburi ana kitu ambacho yule wa Cambridge hakuwa nacho, kwamba chakula hicho tayari anakipenda.

Upande wa afya ningependa tuwe wakweli. Bajia ya kunde iliyokaangwa katika mafuta mengi na kunyunyiziwa chumvi haigeuki kuwa dawa kwa sababu haina nyama. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, na mlo mmoja wa haraka unaweza kumaliza sehemu kubwa ya hizo, uwe wa kuku au wa mmea. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 45 ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 20 hadi 49 wana uzito uliopita kiasi. Ndiyo maana naona sufuria ya mbaazi ni muhimu kuliko bajia, ingawa bajia itauza haraka zaidi. Mbaazi zina nyuzinyuzi, hushibisha, na hazipiti kwenye kikaango. Soseji, rafiki mkubwa wa chipsi mjini hapa, ni habari nyingine: tangu 2015 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeziweka nyama zilizosindikwa katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani. Mzazi anayemnunulia mtoto chipsi na soseji kila Ijumaa anastahili kuona kitu kingine kwenye ubao huohuo, kwa bei hiyohiyo.

Kuhusu tabianchi, utafiti mkubwa wa 2018 uliokusanya takwimu za mashamba zaidi ya 38,000 katika nchi 119 ulionyesha kwamba nyama ya ng'ombe huzalisha gesi joto mara nyingi zaidi ya jamii ya kunde, na kwamba hata kuku, mwenye nafuu kubwa kuliko ng'ombe, bado yuko juu ya kunde. Inatosha.

Suala la mkulima linanigusa zaidi, kwa sababu hapo ndipo wateja walipokwisha kuonja nguvu yao. Januari 2022 KFC, iliyoingia Kenya mwaka 2011, iliishiwa na chipsi. Ikajulikana kwamba viazi vyake vilikuwa vikiagizwa kutoka nje, katika nchi ambayo viazi ni zao la pili la chakula baada ya mahindi. Wakenya wakapandwa na hasira mitandaoni, wengine wakaitisha mgomo, na kampuni ikalazimika kutoka hadharani kueleza inavyowachagua na kuwaidhinisha wasambazaji wake. Wateja waliuliza swali la jikoni na wakajibiwa. Katika mjadala ule nilitamani sana kusikia muhogo ukitajwa, kwa sababu kituo cha utafiti wa kilimo cha Mtwapa, mwendo mfupi tu kutoka Nyali, kimetoa aina za muhogo kama Tajirika, Karembo na Shibe, na wakulima wa Kilifi na Kwale wanazijua. Muhogo uwe pembeni mwa sahani, mahali pa chipsi za viazi, na kunde ziwe katikati.

Na mkulima wa mbaazi anahitaji soko la nyumbani kuliko tunavyofikiri. Mwaka 2017 India, mnunuzi mkubwa wa mbaazi za Afrika Mashariki, iliweka kikomo cha kiasi kinachoruhusiwa kuingia nchini mwake, na bei ikaanguka huku watu wakiwa tayari wamepanda. Mkahawa wenye matawi mengi unaosaini mkataba wa mwaka mzima wa mbaazi na kunde kutoka Makueni, Kitui, Taita Taveta na Kwale hautaziba pengo lote hilo, lakini ni mnunuzi asiyebadilika kwa amri ya serikali ya mbali.

Imebaki hoja moja inayoninyima usingizi kuliko nyingine zote, nayo ni ya kina mama wanaouza vyakula hivi sasa. Mkahawa wenye kiyoyozi ukianza kuuza mbaazi na bajia, je, yule anayepanga karai lake Mwembe Tayari au Kongowea atabaki na nani? Sina jibu la kumtuliza kikamilifu. Najua kwamba wateja wao ni tofauti kwa sehemu kubwa: anayekula kwa mama alfajiri kabla ya kuvuka feri hatapanda tuktuk hadi Nyali kutafuta mbaazi za bei ya maradufu. Lakini hiyo ni sehemu tu. Kwa hiyo dai lenyewe libebe sharti hili ndani yake. Jiko la kati linaloandaa mbaazi na kunde liajiri au linunue kutoka kwa vikundi vya wanawake ambao tayari wana ujuzi huo, na serikali ya kaunti iwasaidie vikundi hivyo kupata cheti cha afya na mahali pa kupikia panapokubalika kisheria, kwa sababu hicho ndicho kikwazo cha kwanza mkahawa mkubwa utakachokitaja. Kampuni ikichukua mapishi yao na kuacha mikono yao nje, mimi nitakuwa wa kwanza kuipinga.

Nani basi asukumwe? Mikahawa mingi yenye majina ya kigeni huendeshwa na wawekezaji walionunua haki ya kutumia jina, na menyu yao haibadiliki bila idhini ya makao makuu. Meneja wa tawi la Nyali hawezi kuamka siku moja akapika mbaazi. Anachoweza ni kupeleka juu takwimu za maombi, na asipoombwa hana cha kupeleka. Mikahawa yenye asili ya Kenya, na ile ya kuku iliyoanzishwa na watu wa Mombasa wenyewe, haina kisingizio hicho, na ningeanza nayo. Ramadhani ni wakati mzuri wa kujaribu: wengi wao tayari hutoa ofa za futari, na boksi lenye mbaazi, viazi vya nazi, bajia na tende halihitaji kuelezwa kwa mtu yeyote mjini hapa.

Kuna pia mlango ambao wengi hawauoni, nao ni oda za jumla. Idara za kaunti, benki, mashirika na vyuo hufanya warsha kila wiki, na saa saba mchana huingia maboksi ya kuku na chipsi, mia au mia mbili kwa mara moja. Anayeandika oda hiyo ni ofisa mmoja mwenye kalamu. Akiandika kwamba theluthi ya maboksi yawe ya kunde au mbaazi, yaliyopikwa kwa mafuta yasiyopita kuku, mkahawa utapiga hesabu upesi sana. Ukisema hauwezi, theluthi hiyo apewe kikundi cha kina mama wa Kisauni, ambao wanaweza.